Sigara Kabla ya Tende

Assalaam alaykum, jamaa. Mniwie radhi nasema nimekaa. Si kiburi, ni kwamba nikisimama pumzi hainitoshi, na imamu amenipa nafasi fupi baada ya alasiri, sitaki niimalize kwa kukohoa. Nikinyamaza katikati ya neno, ningojeni. Msiniletee maji. Pumzi itarudi yenyewe.

Wengi wenu hapa Mikindani mwanijua. Nimebeba mifuko ya chai kwenye maghala ya Changamwe zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa na kifua, wallahi! Wenzangu walinipa jina la utani ambalo msikitini silitaji. Sigara nilianzia hukohuko, nje ya geti. Ndani ilikuwa marufuku, basi mwenye kuvuta akiruhusiwa kutoka dakika kumi, na asiyevuta aendelee kubeba. Nani asingevuta? Ndivyo tulivyofunzwa kupumzika.

Sasa niwaambie ujinga wangu, na najua si wangu peke yangu, maana nawaona mnavyotazamana. Mimi nilikuwa nafunga. Ramadhani nzima, toka alfajiri hadi magharibi, moshi hauingii mdomoni. Mke wangu akinigombeza, jibu lilikuwa moja: "Mtu aliyeshikwa na sigara ataweza kufunga? Mimi huiacha siku thelathini kila mwaka!" Kumbe kichwa chaniuma toka asubuhi, nawafokea watu, nasema ni njaa. Njaa gani? Ikilia adhana ya magharibi, kabla ya tende, kabla ya maji, mimi niko nje ukutani na kiberiti. Kijana mmoja wa bara tuliyekuwa tukibeba naye aliniona siku moja akanicheka: "Mzee, kwani hiyo ndiyo tende yenu?" Tukacheka sote. Nikafuturu kwa moshi, na kesho yake nikajisifu tena kwamba nina nguvu za kuacha.

Na pale getini tulikuwa na mzaha mwingine. Mtu akituonya kwamba sigara yapunguza umri, twamwambia, "Na ipunguze! Itapunguza ile miaka ya mwisho, ya kushikwa mkono kwenda chooni. Nani aitaka hiyo?" Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo tulipoliwa. Ile ya kushikwa mkono hatukupunguziwa, tumeletewa mapema. Iliyokatwa ni ile mizuri, ya kupanda ngazi na kumrusha mjukuu juu. Mimi nina miaka hamsini na nne. Mamangu ana themanini na ushei, hata tambuu hakuizoea, na yeye ndiye anijaziaye ndoo ya kuoga akaiburuta hadi mlangoni. Mama mzee yule! Naisikia ndoo ikikwaruza sakafu, natamani ardhi ipasuke niingie.

Kikohozi kilipoanza nilikiita vumbi la chai. Pumzi ilipopungua nikaiita uzee. Kazini wakanitoa kwenye mizigo wakanikalisha mlangoni, kisha wakaniambia nikapumzike nyumbani. Na bado navuta.

Kisha binti yangu akaolewa. Ndoa ilifungwa humu humu, wengine mlikuwepo, mwakumbuka mlivyoinamisha macho. Baba ndiye walii, ndiye aozaye. Nimemshika bwana harusi mkono, na maneno yenyewe ni machache: nimekuoza binti yangu fulani. Nikafika kwenye jina la mwanangu, pumzi ikakatika. Kikohozi! Sheikh akaniambia taratibu, "Anza upya, bwana." Nikaanza. Jina lile lile likanishinda. Mara ya tatu jasho lanitiririka, na bwana harusi keshageuza mkono, yeye ndiye anishikaye mimi nisianguke. Sheikh akaniambia nimpe mtu uwakili aoze kwa niaba yangu. Mdogo wangu akamuoza mwanangu, mimi nimekalishwa pembeni na leso mdomoni. Na kule nyumbani wanawake walikuwa wakisikiliza kwa spika. Binti yangu aliniambia baadaye, "Baba, nilikuwa nangoja sauti yako nikasikia kikohozi. Nikajua basi, haitakuja."

Mwadhani niliacha pale? Thubutu! Watu wakila pilau, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba nikawasha. Ndivyo nilivyokuwa, sifichi. Mamangu akanikuta. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akakaa chini kando yangu na nguo yake mpya ya harusi, akasema, "Mwanangu, miaka yote nimemwomba Mungu unizike wewe. Siku hizi naomba nisikuzike mimi. Sina dua nyingine."

Nikaizima. Imetimu miaka miwili sasa. La, msipige takbiri, ngojeni kwanza. Daktari wa kifua alinipima akaniambia wazi: "Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Kwa kuwa umeacha, utashuka polepole." Nilitaka aniambie nitabeba tena. Hakuniambia. Sikupona, ndugu zangu, wala sitapona. Na kwa dawa hizi za kutwa, hata kufunga nimekatazwa. Mimi yule wa kujisifu kwa saumu! Sasa kila siku ya Ramadhani twampelekea maskini mmoja sahani yake, nami nala mchana nimejifungia chumbani nisionekane na watoto. Yaniuma. Yaniuma sana.

Namshukuru daktari yule kwa kutonidanganya. Namshukuru muuguzi wa zahanati aliyenifundisha kupuliza pumzi kidogo kidogo, kama mtu apozaye chai, kila hamu iliponijia. Mke wangu alificha viberiti vyote hata akawa akienda kuomba moto kwa jirani, maskini. Mdogo wangu hajawahi kunikumbusha siku ile ya ndoa. Na mamangu, mamangu sina la kumwambia.

Ramadhani imebaki wiki mbili. Wewe unayefunga kutwa ukaja kuwasha magharibi, usijidanganye kwamba unaiweza. Ikilia adhana kula tende yako, kunywa maji, swali, usiwashe. Ukishindwa siku ya kwanza, jaribu ya pili. Njoo kwangu tukae, nikuonyeshe kupuliza. Sina kazi nyingine.

Mimi nami nimebaki na dua moja. Namwomba Mungu siku moja tu zaidi ya mamangu. Akinipa, jeneza lake sitaliweza, nalijua hilo, na kushuka kaburini kumpokea sitaweza. Nyinyi mtambeba. Mnitangulize tu makaburini, nimngoje huko. Mkishamlaza, mnishike mabega nisimame, nimtilie konzi zangu tatu za udongo.