Fimbo Yangu Iko Ukutani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi wenye magoti mabaya!

Munanijua. Mimi njo yule Mama aliyepona hapa hapa wakati wa kiangazi. Zamani, wakati wa vita ya wazungu, nilikuwa nabeba maharagi mpaka kule soko ya Kirotshe, kamba kwenye kipaji, mutoto kifuani, na bado naimba. Kisha uzee ukaja, magoti yakavimba, nikashika fimbo. Mukaniombea. Nikatembea! Mukapiga vigelegele, na Papa muchungaji akatundika fimbo yangu pale ukutani, iwe ushuhuda.

Halafu mvua ikarudi. Na maumivu nayo yakarudi!

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Mungu anatoa kisha ananyang'anya? Ao ni mimi sina imani? Leo naamka muzima, nashuka mutoni. Kesho kutoka kitandani ni vita. Nimuambie nani? Fimbo yenyewe inahubiri huku kanisani! Basi nikashika jembe. Nikawa natembea nikiegemea mpini, watu wanasema, "Mama huyu iko na nguvu, kila siku shambani!" Nilicheka, lakini ndani nililia. Na siku ya Mungu, nani anatembea na jembe? Nikabaki nyumbani, nasikia nyimbo zenu zinapanda kilima, na roho yangu inakauka.

Leo asubuhi nikaomba: Bwana, nipe miguu nikuje kwako. Nikajaribu kusimama. Wapi! Lakini moyo ukanisukuma: enda vile uko. Nikachukua jembe, nikakuja. Pale mulangoni Papa mushemasi akashangaa: "Mama, leo njo siku ya Mungu, unaenda kulima?"

Nikamujibu, "Hapana, Papa. Natembea."

Sasa sijui niseme nimepona ao sijapona. Kweli sijui! Miguu yangu inakuja na inaenda, na mimi sielewi. Lakini ile haya iliyonifunga ndani ya nyumba imeanguka leo, asante Yesu! Wewe muzee unayejificha kwako kwa sababu ya mugongo ao macho, kuja vile uko. Umutegemee Yeye, hata kama hauelewi.

Na wewe, Papa muchungaji, nakuomba mbele ya watu wote: unishushie fimbo yangu. Jembe ni zito, na kurudi nyumbani ni kupanda kilima.