Mama Alininyima Jina Lake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na nyinyi mliokumbatia mikoba yenu nilipoingia hapa mara ya kwanza. Sikuwalaumu. Mimi Kariuki nilikuwa mwizi kweli.

Kazi yangu ilikuwa kung'oa vioo vya pembeni vya magari kwenye foleni, kule karibu na Majengo. Bisibisi moja, mbio, basi. Watu husema ukipata mtoto utaacha. Wapi! Binti yangu alipozaliwa niliiba zaidi, nikijiambia ni ya maziwa na nepi. Dhambi yangu ilipata kisingizio kizuri.

Mnajua kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hivyo mama yangu alipotoka Ziwani kuja kumwona mjukuu, nilidhani ni sherehe. Alimpakata, akatazama blanketi jipya, akaniuliza nimelitoa wapi. Nikababaika. Akamrudishia mke wangu mtoto, akasema taratibu:

"Jina langu halijawahi kuitwa polisi. Hulipeleki kwa nyumba ya mwizi."

Akaenda zake. Sasa jina lingine tungetoa wapi, na hilo ndilo lake?

Ndugu zangu, mtoto alikaa bila jina. Siku ya chanjo nilimpeleka mimi, mke wangu akiwa kwenye kibarua cha kufua. Watoto wengine waliitwa kwa majina yao, akina Wanjiru, akina Amina. Wangu nesi alimwita "mtoto wa Kariuki." Hata siku umati uliponipiga sikuona aibu vile. Jina langu lililochafuka ndilo pekee alilokuwa nalo. Nililia pale kwenye benchi, nikamwambia Mungu nimechoka, anishike.

Kutoka kliniki nilienda moja kwa moja kwa mama, mtoto mkononi, nikampa ile bisibisi. Aliipokea. Jina hakunipa. Alisema kwanza anione nikitoa jasho.

Miezi saba nimebeba mabelo, yale marobota ya mitumba, sokoni Gikomba. Mgongo unauma, wenzangu wa zamani wananicheka, na kuna siku naona foleni imesimama, mkono unawasha. Lakini Bwana amenishika!

Alhamisi mama alikuja. Aliomba kadi ya kliniki na kalamu, na mama yangu huyo aliyeishia darasa la tatu akaandika mwenyewe, herufi moja moja, pale palipobaki wazi: Wangari.

Asante Yesu! Na wewe uliyekaa nyuma hapo na bisibisi mfukoni, nakujua. Mungu aliyenishika mimi hajachoka. Njoo mbele, ndugu yangu, nitakaa nawe benchi moja.