Bi. Mumina Hirbo: Miaka Thelathini na Moja ya Kutoiamini Pakiti

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mumina Hirbo, ambaye kituoni sote tunamwita Mama Kadra, anastaafu baada ya kuitumikia forodha kwa miaka thelathini na moja. Tisa ya mwisho amekuwa nasi hapa Garsen, kwenye dawati la kuainisha vyakula vya pakiti. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, yeye mwenyewe alishataja jina: Levi Buya, mkuu wa dawati. Mwandishi huyu hakufurahi. Mama Kadra hafanyi jambo bila sababu, na wiki mbili nzima mwandishi amekuwa akijiuliza sababu hiyo ni ipi.

Kwa wageni wetu wasiojua dawati hilo hufanya nini: kila chakula kinachoingia nchini hupewa kifungu chake katika kitabu cha ushuru, na kifungu ndicho huamua kitatozwa kiasi gani. Ngano ikiwa peke yake haina shida. Taabu huanza vitu vikichanganywa. Unga, maziwa, sukari na chumvi vikiwa ndani ya pakiti moja, hicho ni unga, ni maziwa, au ni kitu cha tatu? Waagizaji huwa na jibu tayari, na ajabu ni kwamba siku zote ni lile la ushuru mdogo.

Mama Kadra alizaliwa Bangale, kwa wafugaji wa Kiorma, akaanza kazi Mombasa mwaka 1994 kama karani wa kupiga taipu. Alichapa maamuzi ya wakubwa kwa miaka minne, hadi siku alipokataa kuchapa moja kwa sababu, alisema, lilikuwa uongo. Watu walidhani atafukuzwa. Alipelekwa kozi. Huko ndiko alikojifunza kuandika uamuzi kwa mistari mitatu, kwa kalamu nyekundu: ni nini, kinachoipa bidhaa tabia yake ni kipi, na uamuzi. Hajawahi kuongeza mstari wa nne.

Kila pakiti iliyofika mezani kwake aliilaza kifudifudi kwanza. Picha za mbele hakuziangalia kabisa. Alisoma nyuma, pale penye herufi ndogo zinazotaja viungo kwa uzito, kilichozidi kikitangulia. Wakala mmoja wa waagizaji, Nuh, bado anakumbuka supu iliyokuwa na picha ya kuku mzima aliyenona. Nyuma yake kulikuwa na chumvi, wanga, sukari, na kuku alikuwa wa tisa. Mama Kadra alimwomba Nuh amwonyeshe kuku huyo alipita mlango gani, maana yeye alikuwa amekaa pale tangu asubuhi na hakumwona.

Kisha alipika. Nyuma ya ofisi, kando ya tangi la maji, kuna jiko la makaa alilolinunua mwenyewe, na hapo kila mchanganyiko ulipikwa jinsi pakiti ilivyoagiza. Kuna mzigo ulioandikwa kuwa unga wa ngano mtupu. Akakanda chapati tatu, akazitia kwenye kikaango, zikafura kama mito. Unga mtupu haufuri hivyo wala hauna sukari, jamani! Ulikuwa mchanganyiko wa keki. Mwenye mzigo alilipa ushuru unaostahili, na askari wetu wa lango, Bule, alikula ushahidi.

Wala hakutuacha sisi. Bakuli la sukari la ofisi alilichungulia kila Jumatatu. Keki ya sherehe hii ameshaiulizia mara mbili, ati imeokwa kwa unga gani na nani amesoma pakiti. Kamati imekasirika kidogo, lakini imeenda kusoma pakiti.

Sasa tufike mwaka 2022. Mnakumbuka ukame ule. Kutoka Bangale hadi huku chini ng'ombe walikufa, na watu waliozoea kukama asubuhi wakawa wanakata pakiti kwa mkasi. Ilianza kuingia mizigo mingi ya kile kilichoandikwa krimu ya chai ya mafuta ya mimea, ambayo ushuru wake ni mdogo. Mama Kadra aliisugua katikati ya vidole, akanusa. Hakuiamini; ilimnukia maziwa, ambayo ushuru wake ni mkubwa. Lakini majibu ya maabara huchukua wiki kadhaa, na kuzuia lori barabarani bila hoja ni kutafuta kesi.

Ndipo alipoanza kutoka jioni na nusu pakiti kwenye mkoba. Leo pakiti moja, kesho mbili. Bule alimwandika kwenye kitabu cha lango kila mara, naye alitia sahihi bila haya wala maelezo. Ofisini tulianza kutazamana. Mwaka ule, kopo la maziwa lilikuwa zawadi kubwa kuliko mbuzi, na mtu mwenye ukoo mkubwa Bangale alikuwa anatoka na maziwa ya serikali mkobani.

Mwezi Agosti makao makuu yalipata barua isiyo na jina. Mama Kadra alisimamishwa kazi siku arobaini. Wachunguzi walipekua makabati yake, kisha wakaenda hadi nyumbani kwake, wakakuta vibuyu tisa vilivyofukizwa moshi, vimepangwa ukutani, kila kimoja kimefungwa karatasi yenye namba ya mzigo. Alikuwa anagandisha. Krimu ya mimea ukiikoroga na kuiweka ndani ya kibuyu hubaki maji meupe yenye harufu mbaya. Maziwa ya ng'ombe, hata ya unga, hulala na kuganda, yakawa maziwa lala, na mwanamke wa Kiorma hahitaji maabara kuyatambua. Vibuyu saba kati ya tisa vilikuwa na maziwa lala. Majibu ya maabara yalipokuja, yalitaja mizigo saba, na namba ni zilezile.

Alirudi kazini na jina lake likiwa safi. Lakini katika siku zile arobaini barua za kupandishwa vyeo zilikuwa zimeshatoka. Nafasi ya mkuu wa dawati, iliyokuwa yake kwa kila hali, ilipewa aliyekaimu kiti chake. Anastaafu bila cheo hicho.

Hapa naomba niache kujiita mwandishi. Aliyekaimu ni mimi, na barua ile niliiandika mimi.

Nilijiambia ni uadilifu. Kumbe nilikuwa namwogopa tangu siku ya kwanza, nikiogopa siku atakayonilaza kifudifudi na kusoma nyuma. Ningeweza kumuuliza tu mkobani mna nini. Dawati lake na langu yametenganishwa na hatua nne. Sikuuliza, na kwa miaka mitatu nimesaini likizo za mtu aliyenifundisha kazi.

Wiki iliyopita alinipa daftari lake la kazi, ati linisaidie kwenye wasifu. Ndani yake kulikuwa na nakala ya barua ile, waliyompa wachunguzi. Niliisoma nikaona aibu upya. Mtu mwingine yeyote angeandika kwamba mama huyu anaiba maziwa. Mimi niliandika kwamba anatoka na mchanganyiko wa chakula wenye mafuta ya mimea, sukari na chumvi, nikavitaja kwa uzito, kilichozidi kikitangulia, na kifungu cha ushuru nikakiweka mwishoni. Garsen nzima wanaoandika hivyo ni wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ameshtakiwa.

Chini ya barua kulikuwa na kalamu nyekundu, na tarehe ya siku ya pili ya kusimamishwa kwake:

Ni nini: barua ya Levi.
Kinachoipa tabia yake: woga.
Uamuzi: ipite.

Ukurasa huu si ule uliopitishwa na kamati. Ule ulikuwa mzuri zaidi, na ulikuwa unanificha. Watakapogundua, kijarida cha sherehe kitakuwa kimeshachapwa, nami nitakuwa nimesimama mbele yenu nikisubiri mtakaloamua. Mezani kwangu Mama Kadra ameacha kibuyu kimoja kitupu. Sijathubutu kumuuliza ni cha kupimia nini.

Mama Kadra, asante kwa miaka yote hii. Nisamehe, na safari hii nakuomba mbele ya watu, kwa jina langu. Mungu akujalie afya, ng'ombe wenye maziwa na uzee wa raha huko Bangale, kati ya watu usiohitaji kuwashuku.

Levi Buya,
Dawati la Uainishaji, Garsen