Pankrasi Luambano na Ukoo Wake Ndani ya Kompyuta

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Pankrasi Luambano anastaafu kazi ya kuandika programu za kompyuta katika shirika letu la pembejeo hapa Songea. Anatuachia kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa na ukoo mzima.

Alianzia Dar es Salaam mwaka 1971, kwenye chumba cha kadi za matundu zilizolishwa kompyuta za wakati huo, ambako tundu moja likikosewa mkulima wa ekari moja angeweza kupelekewa mbolea ya wilaya nzima. Alirudi nyumbani Songea mwaka 1984. Kompyuta ilimfuata miaka mitano baadaye, imezungushiwa magodoro nyuma ya lori. Mlinzi wetu Daimu aliipokea akidhani ni friji ya meneja, akauliza soda zitakuja lini.

Nje ya ofisi, Mzee Pankrasi ni fundi seremala na mfugaji wa nyuki kule Matogoro, na kazi zote hizo huzifanya kama anavyoandika programu: hakuna kinachotoka kabla ya kujaribiwa. Kigoda chake hukaliwa kwanza na mtu mwembamba, kisha mnene, kisha anayekaa upande, kisha anayeinuka ghafla. Aliyewahi kuanguka ni mhasibu Beda peke yake, naye alikaa gundi haijakauka. Gurudumu la meno la mashine ya kuchapa lilipovunjika na kipuri kukosekana, Mzee alichonga jingine kwa mti wa mninga. Linafanya kazi hadi leo, ingawa likizunguka hulia kama mbuzi aliyefungiwa. Kuhusu nyuki, mkewe Mama Kunegunda anasema, "Wakimuuma hakasiriki. Anarudi ndani, ananiambia amegundua kosa liko wapi."

Lakini linalomtambulisha zaidi ni ule ukoo. Kila kipande cha programu yake ya maghala alikipa jina la ndugu. Kinachotunza idadi ya mifuko ya mbolea kinaitwa MKWE. Kwa desturi za kwao mtu hamwendei mama mkwe ana kwa ana, kwa hiyo maombi yote hupitia kwa SHEMEJI, ambaye huyakagua kwanza. Kinachochapa ni BINAMU, kwa kuwa husema kila anachoambiwa, tena kwa sauti. Kinachotoa taarifa za makosa ni MTANI. Ukikosea, huandika: "Bwana we, mifuko pungufu ya sifuri umeiona ghala gani?"

Soko huria lilipofika, wafanyabiashara wa mtaa wa Majengo wakaanza kuuza mbolea wenyewe, na shirika likaanza kupunguza matumbo ya kulisha. Mwaka 1996 ukaja ujumbe kutoka Dar es Salaam, ukiongozwa na Bwana Ramson, kuamua kama kitengo cha kompyuta kifungwe na mashine ihamishwe. Hoja yao ilikuwa nzito: programu ile anaijua mtu mmoja, akiondoka, mashine itabaki kuwa friji kweli.

Meneja wetu, Bwana Leo, alitaka mashine ionekane ina kasi. SHEMEJI ni wa polepole, kwa kuwa hukagua kila kitu. Basi Mzee Pankrasi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapita njia ya mkato: akamruhusu BINAMU amwendee MKWE moja kwa moja.

Wageni wakakaa. Mbuzi wa mninga akalia. Karatasi ikatoka ikiagiza malori yote ya mkoa yapeleke mbolea Nakapanya.

Nasma, msaidizi wa kitengo aliyekuwa na sisi mwaka mmoja tu na ambaye kwao ni Tunduru, akaisoma. "Jamani, kwetu huko! Hata tukiila hatuimalizi."

Kisha akasogea kwenye skrini. "Mzee, shikamoo, lakini umempita shemeji. Umemwendea mkweo uso kwa uso!"

Mzee Pankrasi akaufunika uso kwa kofia, kama aliyekutana na mkwe kweli.

"Shemeji gani tena?" akauliza Bwana Ramson.

Nasma alivuta kibodi kwanza. Aliirudisha njia ya zamani, BINAMU akachapa upya, na kila lori likapangiwa mahali pake.

"Nani amekufundisha programu hii?" akauliza tena Bwana Ramson.

"Hakuna, mheshimiwa. Nilivyoingia nikaona ni ukoo. Nikauliza nani ni nani."

Bwana Ramson alicheka mpaka akavua miwani. Alisema yeye mwenyewe kwa mama mkwe wake huingia kwa mlango wa nyuma. Kisha akaifuta ile hoja yake nzito, maana anayeijua programu alikuwa mbele yake, na hakuwa Mzee Pankrasi. Kitengo kikabaki Songea, na ndiyo maana leo mtu huyu anaweza kustaafu kwa amani.

Mwezi huu, akikabidhiwa kazi, Nasma ameongeza ndugu mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Anaitwa BABU. Hana kazi yoyote. Ila kila asubuhi mashine ikiwashwa, vipande vyote hupita kwake kwanza na skrini huandika SHIKAMOO BABU, ndipo kazi ianze. Bwana Leo aliuliza kama hilo halitachelewesha mambo. Nasma akamwambia litachelewesha.

Mzee Pankrasi, asante kwa kazi na kwa ndugu uliotupatia. Nyuki wakutendee haki, gundi ikauke kwa wakati, na uzee wako uwe mtamu huko Matogoro.