Saluti ya Tarishi

– Nilikuwepo mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu, alisema Sadalla, akaondoa mguu kwenye cherehani ili watu wasikie vizuri.

Huyu Sadalla, fundi wa nguo kwenye baraza ya duka la Harilal, Mtaa wa Kongo, watu walikuwa wanamwita Nilikuwepo, maana halikutokea jambo Dar es Salaam yeye asiwepo. Meli ikizama, yeye alikuwa ananing'inia kwenye mlingoti. Simba akiingia Ilala, yeye ndiye aliyemwonyesha njia ya kutokea. Alisoma madarasa mawili na nusu huko kwao Liwale, na ile nusu anasema ilikatika kwa sababu mwalimu aliishiwa. Siku hiyo ya mwaka hamsini na tatu, saa nane mchana, jua limewafukuza wateja wote, barazani walikaa watatu na kahawa yao: Sadalla kwenye cherehani yake, Uwesu, aliyeitwa Bomani kwa kuwa aliwahi kufagia veranda ya boma miezi minne, akatoka huko na sheria zote kichwani, na Pantaleo, Mngoni wa Songea, kuli wa bandarini, mwili kama mlango wa ghala. Pantaleo hakuwa na jina la utani. Ukimpa jina anakuangalia tu, mpaka jina lenyewe linarudi lilikotoka.

Pantaleo alikuwa na shilingi kumi na mbili kwenye pembe ya leso, zimefungwa fundo. Kodi ya kichwa ilikuwa shilingi kumi na mbili, mwisho wake leo, na bomani wanafunga dirisha saa kumi. Na saa tisa atapita katibu wa Chama cha Kusaidiana cha Watu wa Kusini, na baiskeli yake, kuandikisha wanachama wapya. Kiingilio na akiba ya kuanzia, shilingi kumi na mbili.

– Soma tena ile karatasi yao, alisema Pantaleo.

Uwesu akaikunjua, akaishika mbali kidogo na macho kama walivyokuwa wanafanya wakubwa wa boma.

– "Mwanachama akifariki, chama kitamzika kwa heshima ya dini yake. Baada ya miaka mitano, mwanachama atarudishiwa akiba yake pamoja na faida. Akiba ya wanachama haitozwi kodi." Basi. Muhuri.

– Hapo pa mwisho.

– Haitozwi kodi. Hapo mimi ndipo waliponipata, alisema Uwesu. Mwisho wa mwezi Bi Waridi akija kudai kodi ya chumba, namwonyesha hii. Nimeweka akiba, sitozwi kodi. Akibisha, tutaonana kwa Liwali.

– Bi Waridi atakuonyesha mwiko, alisema Sadalla. Wewe umefagia boma, hukuingia ndani. Kodi hiyo ni ya kichwa. Ukiwa na kadi ya chama, tarishi wa kodi hakugusi.

– Nani kakwambia?

– Sijaambiwa. Nilikuwa Msimbazi mwezi uliopita, tarishi wamepanga mstari barabarani, kila mwanamume toa stakabadhi. Jamaa mmoja mfupi hana stakabadhi. Akatoa kadi ya chama. Tarishi akaisoma, akapiga saluti.

– Saluti?

– Visigino vikalia kah. Akavua kofia.

– Alipiga saluti kwanza au alivua kofia kwanza? aliuliza Uwesu.

– Vyote pamoja, ana mikono miwili. Akamwambia, samahani mzee, pita. Yule mfupi akapita polepole, anatikisa fimbo. Na mzungu wa kodi naye, kwenye lori, akashusha kioo na kumwuliza hali ya nyumbani.

– Jana ulipohadithia hakukuwa na mzungu, alisema Uwesu.

– Jana nilikuwa na haraka.

Muuza kahawa, aliyechuchumaa pembeni na birika lake, akacheka. Pantaleo hakucheka. Sadalla akaona bora amchokoze. Yeye alikuwa Mngindo, na Mngindo na Mngoni ni watani, na mtani haombi ruhusa.

– Ninyi Wangoni mlitukimbiza sisi mpaka porini, babu zetu wakalala juu ya miti. Leo mnakimbizwa na tarishi mwenye miguu kama njiti. Weka pesa chamani, Mngoni, upumzike mbio.

– Mwaka jana walinikosa kidogo, alisema Pantaleo. Nilijificha kwenye magunia ya korosho kutwa nzima. Wakinikamata safari hii narudishwa Songea, na namba yangu ya kazi anapewa mtu mwingine. Nyumbani wanakula kwa namba hiyo.

– Basi lipa kodi, alisema Uwesu.

– Nikilipa, chama kimenipita mpaka mwakani. Na Filbert naye alisema mwakani.

Hapo kahawa ikapoa mikononi. Filbert walikuwa wanamjua. Alilala chumba kimoja na Pantaleo huko Ilala, kitanda kwa kitanda. Homa ya siku tatu. Pantaleo alitoka kazini akakuta kitanda kitupu, manispaa walishambeba.

– Nilizunguka makaburini siku mbili, alisema Pantaleo. Nikaonyeshwa kijiti chenye namba. Msalaba hakuna, jina hakuna, na yule aliyenionyesha hakuwa na hakika kama ndicho. Mama yake ameandika barua mara ya pili anauliza mwanawe amelazwa wapi. Sijamjibu.

Sadalla akarudisha mguu kwenye cherehani, akashona mshono ambao haukutakiwa. Kisha akaufumua.

Msichana mmoja akakata barabara kutoka upande wa sokoni, kashika sufuria limefungwa kwa kitambaa.

– Shikamooni.

– Marahaba.

– Mdogo wangu Hyasinta, alisema Pantaleo. Amekuja juzi kutoka nyumbani. Amesoma misheni mpaka darasa la sita.

Sadalla akajiweka sawa kwenye kiti, maana mtu wa darasa la sita ni hatari. Hyasinta akaweka chakula cha kaka yake, akaiona karatasi, akaisoma kwa kimya mara mbili.

– Kaka, kodi ipi?

– Kodi gani ipi?

– Hapa wameandika haitozwi kodi. Ipi?

Uwesu akaivuta karatasi, akaitazama upande wa nyuma. Sadalla akatafuta sindano iliyokuwa mdomoni mwake. Kodi walikuwa wanazijua zote, za chumba na za kichwa, na kila mmoja alishachagua yake. Kwamba karatasi yenyewe haikusema, hilo hakuna aliyeliona.

Harilal akasogea mlangoni na futikamba yake shingoni. Alizaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha nusu ya benchi.

– Ni kodi ya mapato, binti. Mtu ukiwa na mapato makubwa, ukaweka pesa ikazaa, serikali inachukua sehemu ya kile kilichozaliwa. Ndani ya chama haichukui. Mimi nailipa kodi hiyo, kwa hiyo ningeweka humo ningepata nafuu. Ninyi hamjawahi kuilipa hata senti. Mmesamehewa deni ambalo hakuna aliyewadai.

– Kwa hiyo chama ni cha uongo, alisema Uwesu.

– Sijasema hivyo. Kuzika wanazika, nimewaona. Na akiba inarudi, nijuavyo. Ni jambo jema. Lakini haihusiani na kichwa cha Pantaleo.

Hyasinta akamtazama kaka yake.

– Basi lipa kodi kwanza.

Pantaleo akafikiri muda mrefu, kama anavyofikiri kabla ya kubeba gunia zito.

– Bwana Harilal amesoma, alisema. Lakini Sadalla ameona. Aliyesoma anaweza kukosea, karatasi ni karatasi. Huyu alikuwepo.

Kengele ya baiskeli ikalia. Katibu wa chama akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza, akawasalimia wote kwa mkono, akafungua daftari juu ya goti. Pantaleo akaanza kufungua fundo la leso kwa meno.

Miaka tisa Sadalla alikuwa amekaa kwenye baraza ile akiona meli, simba na masultani. Watu walicheka, wakanunua kahawa, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kitu kwa neno lake, wala kuuza, wala kuhama njia. Sasa alitazama meno ya Pantaleo kwenye fundo lile, akaondoa tena mguu kwenye cherehani.

– Pantaleo, subiri.

– Nini?

– Bomani hawajafunga. Ukienda sasa hivi kwa miguu utawahi.

– Wewe si ndiye uliyesema.

– Mtani, usinitazame hivyo.

– Yule mfupi wa Msimbazi. Alikuwepo au hakuwepo?

– Alikuwepo.

– Kadi alitoa?

– Alitoa. Tarishi akaisoma, wala siongezi hapo. Akaisoma mpaka mwisho.

– Kisha akapiga saluti.

Katibu alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, anangoja jina. Uwesu alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Hyasinta peke yake ndiye aliyemkazia Sadalla macho.

– Kisha akamrudishia kadi, alisema Sadalla, akamshika kwapani, akampakia kwenye lori na wenzake. Alikuwa anapiga kelele, mimi ni mwanachama, mimi ni mwanachama, mpaka lori likapinda kona. Hayo niliyaona kwa macho yangu, nimejibanza nyuma ya gari la nazi, maana hata mimi nilikuwa sijalipa. Saluti niliitia mimi.