Pua ya Vituo Vitano

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokaa kule nyuma karibu na lango kwa mazoea yenu, tunawaomba msogee mbele, hakuna atakayewakunjia uso leo, maana tunayemsindikiza alikuwa wenu kama alivyokuwa wetu.

Mzee wetu, ambaye mlimwita Pua mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi tu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, mtoto wa tano wa mchimba visima, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na hakuendelea mbele kwa sababu baba yake aliumia mgongo, naye akashika sururu mahali pake.

Mwaka 1984 alipata kibarua cha kuchimba mabwawa ya majitaka kule bondeni, na tarehe 2 Mei 1987 akaajiriwa kuyatunza, akawa mtu anayejua kwa kunusa tu ni bwawa lipi limeharibika, hata vituo vyote vitano vinavyosafisha majitaka ya miji ya ukanda huu vikawa vinamwita. Katika kila kituo kuna shimo la pampu, kina chake mita saba, lenye ngazi ya chuma, na humo hukaa hewa inayonuka kama yai viza, ambayo ikizidi huua pua kwanza, harufu ikakatika, mtu akadhani hewa imesafika, kumbe ndiyo inammaliza. Kipima gesi kiliharibika mwaka 2016, hakikuletwa kingine, hivyo ikawa desturi kwamba hashuki mtu mpaka Pua ainame juu ya mfuniko, avute pumzi mara tatu, kisha aseme ama "Ngoja" ama "Shuka."

Tarehe 19 Desemba 1990 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, na siku ya posa mjomba wa mama alipomuuliza kazi yake alijibu, "Naangalia maji, mjomba," mjomba akafurahi kwamba ukoo hautapata shida ya maji tena, mpaka alipomtembelea kazini mwezi uliofuata, akarudi ameziba pua. Walijaliwa watoto wanne na wajukuu sita. Mama alifua sare zake miaka yote hiyo katika beseni la peke yake, wala hakuna mtoto aliyewahi kumwona akigeuza uso, naye mzee alitembea na kipande cha sabuni mfukoni, ili mjukuu akimkimbilia njiani apite kwanza bombani kwa jirani, anawe, ndipo ambebe.

Haya yanayofuata, marehemu aliagiza tarehe 30 Agosti mwaka huu yasomwe kama yalivyo, akarudia mara mbili.

Mwaka 2021 maziwa yaliungua jikoni mpaka sufuria ikawa nyeusi, naye alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo akimenya machungwa, hakusikia harufu yoyote. Mama alisimama mlangoni akamtazama, akaelewa, naye akamwambia kwa sauti ndogo, "Usimwambie mtu, mama watoto, hii pua ndiyo mimi." Mama hakumwambia mtu, ila tangu siku hiyo, kila simu ilipoita mchana, aliacha nguo kwenye cherehani, akaitazama ile simu kwanza kabla ya kuipokea.

Kwa miaka karibu minne mzee aliendelea kuinama juu ya mifuniko, akiwatazama mende ukutani, wakiwa wamehama anasema "Ngoja," wakiwapo anasema "Shuka," na hakuna aliyedhurika. Jumatano tarehe 12 Februari 2025, katika kituo cha tatu, mende walikuwapo, akasema "Shuka," na fundi pampu, rafiki yake wa miaka ishirini, akashuka akitania kwamba leo humu ni kama sebuleni kwake, akafika kipago cha nane cha ngazi, akaachia mikono bila kupiga kelele. Mzee alijifunga kitambaa kibichi usoni, akashuka, akamfunga kamba kwapani, mlinzi na mpishi wa kituo wakavuta, fundi akatoka kwanza, na mzee akatolewa baadaye, hai, lakini mapafu yake hayakuwa yale tena.

Alilazwa wiki saba, akarudishwa nyumbani na mtungi wa hewa. Fundi alipona, akawa anakuja kila Jumamosi kumkata kucha na kumnyoa ndevu, na Jumamosi ya tarehe 23 Agosti mzee alimwambia ukweli wote, akamwomba msamaha. Fundi aliweka wembe chini akasema, "Mzee, mimi sisikii harufu tangu mwaka juzi, nilikuwa nakutegemea wewe." Wiki ile wakaja wengine, mmoja mmoja, wakifunga mlango nyuma yao, mama akahesabu kumi na moja kutoka vituo vyote vitano, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake asiyesikia harufu.

Mzee wetu alifariki Jumapili tarehe 21 Septemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari, na yule muuguzi aliyekaa naye hata baada ya zamu yake kwisha, jirani aliyetuvutia waya wa umeme kutoka kwake kwa taa za matanga, na ninyi wafanyakazi wenzake kwa kila ziara. Tumesikia kwamba shimo la kituo cha tatu litafunguliwa Jumatatu, na kipima gesi bado hakijaja, na agizo la marehemu ni kwamba asishuke mtu kwa kutegemea pua ya mtu.

Mtusamehe, hili tumeliongeza kwa kalamu sasa hivi, wali wa wageni umeungua nyuma ya nyumba, majirani wote wamegeuza shingo, na upande wenu, wafanyakazi wenzake, hajageuka hata mmoja.

Mama yetu, aliyenyamaza miaka minne, amesema Jumatatu atakwenda kukaa juu ya mfuniko ule, nasi tutakaa naye. Pumzika sasa, mzee wetu, ngazi umeshaimaliza.