Dk. Othmar Kinunda Hakumdharau Mtu

Othmar hakuwa na kiburi, na shemeji yangu Pankras aache kusema hivyo wakati mwanangu yumo ndani ya sanduku na kaburi halijachimbwa. Kama ana neno, aje alisemee hapa, asikae nyumbani kwake anawatumia watu salamu za hasira.

"Bibi, wasifu huanza na kuzaliwa," anasema Tadea. Huyu ni binti wa marehemu, ndiye anayeandika, kwa sababu mimi Hilda, mama yake marehemu, sikusoma. Haya, aandike kuzaliwa. Ila hilo la kiburi asilifute. Lisomwe mbele ya watu.

Marehemu Dk. Othmar Clemence Kinunda alizaliwa hapa Kingerikiti tarehe 3 Mei 1941, mtoto wa pekee wa marehemu Clemence na mimi. Alizaliwa macho wazi. Alivyomtazama mkunga, mkunga akasahau kitovu, akaanza kujitetea habari za kuku wa jirani ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tadea anatikisa kichwa. Yeye hakuwepo.

Utotoni alilinda mahindi yasiliwe na nyani. Wenzake walirusha mawe ovyo. Yeye aliona kwamba nyani hutazama kwanza anapotaka kurukia, mwili hufuata nyuma. Basi alilenga pale jicho lilipotua. Mwaka ule nyani walihamia Litumbandyosi, na mzee wao alikuja kutuaga kwa adabu.

Alisoma shule ya misheni, kisha Kigonsera, ambako mapadri walitumaini wamepata padri. Mwaka 1964 akaenda Dar es Salaam kusomea udaktari. Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na Rosina, binti wa mvuvi wa Liuli. Aliyeshuka ziwani kumposea ni huyuhuyu Pankras, baba yake mdogo. Alisema vizuri mpaka wakwe wakampa samaki wa kurudi naye, na kichwa kilipofika Kingerikiti mkia ulikuwa bado unapigapiga maji Liuli. Pankras alimpenda Othmar. Ndiyo maana anaumia, na ndiyo maana anatuumiza.

Kuanzia 1971 hadi 1976 marehemu alikuwa Ujerumani, aliporudi akafundisha chuo na kuchunguza jinsi ubongo unavyoendesha macho. Aliniambia jicho la mtu anayesoma halitiririki na mstari kama maji, linaruka, linatua, linaruka tena. Na kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayotuma macho pembeni, na nyingine inayoyatuma juu na chini. Nikamwuliza, serikali inakulipa kwa hilo? Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na mashine iliyochora kila mruko wa jicho la mgonjwa kwenye karatasi. Ilipoharibika ilikuwa imeshafika miaka ya ruksa, kila bidhaa ikiruhusiwa kuingia nchini. Mitumba ilifika, redio zilifika, sabuni za kila rangi zilifika. Kipuri cha mashine yake hakikufika. Mwaka 1991 chuo kikapunguza watu, naye akarudi nyumbani.

Hapo ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Alikuwa akianguka kwenye mashimo ya ngolo shambani, yale tunayochimba mteremkoni kuzuia maji, yeye aliyekuwa akiyaruka gizani tangu utotoni. Ugali alikuwa anauinua mpaka kidevuni ndipo auone. Siku moja alikaa mbele ya kioo muda mrefu, akaniita. "Mama, macho yangu hayashuki." Nikamwambia ayashushe tu. Akasema, "Nayaamuru, hayasikii." Ule ugonjwa aliousoma kwa watu wengine ulikuwa umemkuta yeye, na alijua unakoelekea. Mimi nilimwomba anidanganye. Hakujua kudanganya, hilo hakulirithi kwangu.

Sasa niseme la Pasaka ya 1993. Pankras alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya kanisa, watu wamejaa. Kwetu mtoto akimsalimu mkubwa, macho ndiyo yanayopiga magoti kwanza. Othmar alisimama mbele yake, akasema, "Shikamoo, baba mdogo," huku macho yakiwa juu, mlimani.

Pankras akamwuliza, "Unamsalimu nani huko, bati la kanisa?"

Watu wakacheka. Othmar akainama kwa nguvu ili ateremshe uso, shingo nayo ilikuwa imekakamaa, akamwangukia mzee. Wakasema amelewa. Tangu siku ile Pankras hakuitikia tena shikamoo yake. Tadea alikwenda kumweleza kuwa ni ubongo. Alijibiwa, "Ubongo gani huo unaomkataa baba mdogo tu?"

Pankras, kama ungekuja ningekuonyesha. Othmar alinifundisha. Nilimwambia anitazame usoni asiniache, kisha nikakiinua kidevu chake taratibu kwa mkono. Kichwa kikaenda juu, macho yakabaki kwangu, yakashuka yenyewe. "Unaona, mama," akasema, "nyama za macho ni nzima. Aliyekufa ni mtoa amri." Ningemfanyia hivyo mbele yako, na angekushushia macho kama siku ulipomposea mke.

Mwaka wa mwisho alikaa Liuli kwa wakwe. Alipenda kuelekea ziwani, milima ya Malawi ikiwa sawasawa na macho yake, kitu cha kutazama kisichomdai kushuka. Kisha kumeza nako kukashindikana. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1994, Rosina akiwa na kijiko cha uji mkononi. Alipandishwa huku kwa lori la wanunuzi wapya wa kahawa. Leo ni Jumamosi. Mwenye kuonyesha pahali pa kaburi katika ukoo ni Pankras, hakuna kijana atakayethubutu kutia jembe kabla yake. Nimewatuma watu wawili kumwita. Mimi nimeolewa tu hapa, sina ardhi ya kumwonyesha mtu. Nikiruhusiwa nitachimba kwa kijiko kile.

Ameacha mjane, Rosina, binti, Tadea, na mama yake aliyetaka kutangulia. Na ameacha baba mdogo mmoja. Mwandike, Tadea. Ni wake, awe amekuja au hakuja.

Tadea ananiuliza tumalizie apumzike kwa amani, kama wanavyoandika wote. Namwuliza, apumzike wapi? Juu ya hizi meza mbili? Neno hilo lisubiri mpaka apate pahali, nami sijui kama leo...

Tadea, weka kalamu. Mpishe babu yako Pankras mlangoni. Shemeji, jembe hilo lina udongo mbichi.